Besi Nyuma ya Pazia

Dadangu alikatazwa kusema kwa wiki sita, na kwa wiki sita hizo nyumba yetu ilikuwa na kelele kuliko kawaida. Alikuwa na daftari la shule la mistari, na kalamu ameifunga kwa uzi akaining'iniza shingoni, na kila nilipopita sebuleni nilikuta ameshaniandikia jambo. "Shati hilo umelivaa tangu Jumanne." "Chai yako kama maji ya kuoshea samaki." Siku moja nilikuwa nimeketi nakaza skrubu za spika, sijafungua mdomo tangu alfajiri, akaniinulia daftari: "Nyamaza." Nikamuuliza ninyamaze nini. Akageuza ukurasa: "Nakusikia unavyofikiri."

Alikuwa ametolewa vinundu kooni. Daktari alisema vimetoka vyote wala hakuna kibaya, ila sauti itarudi itakavyo yenyewe. Huenda ikawa ile ile, huenda isiwe. Dadangu ni mwimbaji wa taarab. Ameimba harusi za mji huu tangu mimi nikivaa kaptula, na sauti hiyo ndiyo iliyonivisha kaptula zenyewe na kunifikisha kidato cha nne, ambapo mimi na masomo tuliagana kwa amani. Basi daktari aliposema "huenda", nilisikia kama mtu anayeambiwa huenda nyumba yake ina msingi.

Alipopewa ruhusa ya kusema, neno la kwanza lilitoka kama bawaba isiyotiwa mafuta.

"Weye," alisema. "Harusi ni wiki mbili zijazo."

"Harusi ya nani?"

"Ya mtoto wa shoga yangu. Nilimwahidi mamake siku ya akika, mtoto nimempakata hapa, nikasema huyu nitamwimbia harusi yake. Basi ndiyo hiyo imefika."

"Wimbo mmoja?"

"Mmoja. Ule wa kumuusia bi harusi."

Ule wimbo naujua. Una beti nne, na katika kila ubeti mshororo wa tatu hupanda kama ngazi za nyumba zetu za Mji wa Kale: nyembamba, za wima, na pa kushika hapana. Nikamuuliza, na sauti ikikatika je, huko juu?

Alichukua kikombe, akanywa, akakirudisha mezani.

"Ikikatika mbele za wanawake wa mji huu, sitaimba tena. Si harusini, si jikoni. Nitaketi hapa na weye tutazamane mpaka mmoja wetu afe."

Tukatazamana kidogo, kama tunaofanya majaribio. Ilikuwa mbaya. Akacheka, na kwa sababu alicheka nikajua hafanyi mzaha. Wanawake wa harusi zetu husamehe pilau isiyoiva, husamehe bwana harusi aliyefika amelala, lakini mwimbaji akikwama hawasahau. Wala hawatamzomea. Watamsalimia asubuhi yake kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo itakayommaliza.

Mimi nipo katika kikundi anachoimbia. Napiga gitaa la besi, lile la nyuzi nne nene, ambalo watu husikia tumboni halafu wakampongeza mtu wa kinanda. Kazi hiyo yanifaa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikienda Feri nikaona umati unavyovuka, hurudi nikalala kwa uchovu wa kuwatazama. Riziki yangu ya kila siku ni kutengeneza spika, na nazitengeneza katika chumba cha mbele, hatua nne kutoka kitandani. Nimezihesabu. Zilikuwa tano, nikasogeza meza.

Hata besi nilijifunzia hapo hapo. Spika iliyopasuka haijui kuficha siri. Wenye tuktuk huniletea zao karatasi imebanduka ukingoni pande zote, na mimi bila kuuliza najua ilikuwa ikipigwa rege, kwa maana besi ya rege husukuma, ikakaa kimya, halafu ikasukuma tena pale spika ilipodhani imepumzika. Spika za makanisa huja na waya wa koili ndani ulioungua, kwa ile besi inayoshikilia sauti moja ndefu huku kwaya inapanda juu yake. Na moja ililetwa na mzee wa bara, karatasi yake imelegea yote kama ulimi wa mbwa aliyekimbizwa. Nikamwambia, hii imepigwa benga. Akacheka, akaketi. Alikuwa akifanya kazi bandarini Kilindini, anakaa Ganjoni, na Jumamosi alipiga benga klabuni, Jumapili akapiga kanisani.

"Jumamosi besi yangu hukimbia," aliniambia, "na Jumapili huomba msamaha."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Kwa miaka mitatu alikuja kila alipokuwa na mapumziko, nami nikapata elimu bila kuvaa viatu. Benga, alisema, besi hujibizana na solo kama majirani wasiopendana. Rumba, acha nafasi, mguu wa mchezaji upate pa kutua. Rege, kunyamaza nako ni kupiga. Kanisani, shika. Nikamuuliza, na taarab yetu? Akakuna kidevu. "Hiyo ya kwenu siijui. Lakini nimeisikia. Besi imelala chini ya mama anayeimba kama mkeka. Sasa mkeka ukijikunja, si wewe utakayeanguka." Alipostaafu alirudi kwao, na maneno yake akaniachia, pamoja na spika moja ambayo hakuja kuichukua.

Kwa hiyo kila siku baada ya Asr, kwa siku kumi, nilichomoa chuma cha kulehemu ukutani, nikaketi sebuleni na gitaa, dadangu amesimama mbele yangu mkono kiunoni.

Siku ya kwanza, kwa wasiwasi, vidole vilinitoka mbio.

"Wapiga gitaa au wafukuza kuku?"

Nikapunguza, nikaleta ya rumba, ya kuyumba.

"Hino yanichezesha," alisema. "Siwezi kucheza na kupumua. Zamani niliweza. Sasa chagua moja."

Nikajaribu kuacha nafasi nyingi. Alifika mshororo wa tatu, akapanda, nami nikanyamaza pale ili nimpishe. Sauti ikatetemeka, ikazima. Akanigeukia macho makali.

"Waniacha! Napanda ngazi, naweka mguu, kidato hakipo."

"Mwalimu alisema kunyamaza nako ni—"

"Kanyamazie kwako."

"Hapa ndipo kwangu."

"Ndiyo shida yetu hiyo."

Siku ya tatu nilipiga kama kanisani: sauti moja nene, ndefu, naishika mpaka mwisho wa mshororo, naachilia taratibu, nashika nyingine. Alifumba macho. Alipanda mpaka juu, sauti ikakwaruza ukutani, lakini ikafika.

"Hapo," alisema bila kufumbua macho. "Papo hapo. Usitoke."

Tukakubaliana hivyo. Ndani ya beti nitakuwa mzito na mrefu, nimbebe yeye. Baina ya beti, pale mahali pa kuchezea, nitaingia chakacha, kwa maana harusi bila kiuno kuzunguka ni mkutano. Besi mbili katika wimbo mmoja, na baina yazo mlango mwembamba wa kupita.

Mlango huo ndio uliotutoa jasho. Pumzi yake ilikuwa haina saa tena. Zamani chakacha ilipokwisha aliingia papo kwa papo. Sasa mara huja, mara huchelewa mapigo mawili, mara manne, naye hataki kuisukuma. Mimi nikitoka katika chakacha kabla yake, wimbo waanguka. Nikichelewa, ameingia juu ya mdundo wa kucheza na atakimbizwa. Mpaka siku ya tano nikagundua kitu: kabla pumzi haijaingia, bega lake la kushoto hupanda kidogo. Nikaacha kutazama vidole vyangu, nikawa natazama bega. Bega likipanda, natoka chakacha, nashika, naye yumo. Pale sebuleni hatukukosa hata mara moja tangu siku hiyo.

"Tena waweza kuushusha wimbo," nilimwambia siku ya tisa, kwa kuwa kule juu bado kulikuwa kunakwaruza. "Tuanze chini kidogo. Nani atajua?"

"Nani atajua? Wimbo huu umekaa pale tangu kabla sijaolewa. Watajua kabla sijamaliza neno la kwanza. Watasema, ameshuka. Nitapanda pale pale au sitapanda."

Siku yenyewe ukumbi ulikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu. Kwa wengine matembezi, kwangu mimi safari. Sherehe ya wanawake ilikuwa ya alasiri. Dadangu alipitia mlango wa mbele na marafiki zake, sisi wanaume wanne tukaingizwa kwa nyuma na vyombo vyetu: mzee wa fidla, ambaye ndiye mkubwa wa kikundi, mtu wa kinanda, mtu wa ngoma ya dumbaki, na mimi nikihema. Jukwaa lilikuwa la mbao. Nilishaunganisha nyaya, nimeshaketi kwenye kiti changu, gitaa lipo mapajani, niliposikia pete zikikwaruza juu ya waya.

Mtu wa kinanda na mtu wa dumbaki walikuwa wanatundika pazia.

Pazia la kijani, zito, kutoka juu mpaka chini, linakata jukwaa nusu kwa nusu. Upande wa huku sisi. Upande wa kule mwimbaji na wanawake. Mimi napiga nyuma ya pazia tangu nina miaka kumi na tisa. Wanawake wa mji huu wanapojifunua nywele na kucheza, wanaume wapigaji hawaoni kitu. Ndivyo tulivyokuta, na ndivyo tunavyofanya, na ukiniuliza usingizini nitakwambia. Dadangu naye ameimba upande wa kule maisha yake yote. Na sisi wawili tulikuwa tumekaa siku kumi sebuleni, uso kwa uso, tunafanya mazoezi ya bega.

Bega sasa nitalionea wapi?

"Mzee," nilimwambia bwana wa fidla, "pazia hili lazima?"

Alinitazama kama niliyeuliza kama swala lazima. "Una homa?"

Nikainuka nikasogea mpaka kwenye kitambaa. Upande wa pili ukumbi ulikuwa umeshajaa; nilisikia bangili, viti, watoto wachanga, na harufu ya asumini ikipenya chini. Nikaita kwa sauti ya chini mtu anitafutie dadangu. Akaja mama wa bi harusi mwenyewe.

"Babangu, kuna nini? Dadako yuwavaa."

"Mwambie simuoni."

Akaenda, akarudi. "Asema, na usimuone. Asema ushatoka nyumbani leo, usitafute sababu ya kurudi."

"Mwambie bega. Mwambie hivyo tu: bega silioni."

Safari hii hakurudi mama wa bi harusi. Nilisikia viatu vyepesi vikija juu ya mbao, vikasimama mbele ya pazia, karibu kiasi kwamba kitambaa kilisogea kwa pumzi yake.

"Ya Rabi," alisema dadangu. "Tu wajinga namna gani?"

"Mimi nina kidato cha nne. Weye wajua mwenyewe."

"Usinichekeshe. Nikicheka nakohoa." Kisha, chini zaidi: "Shoga yangu ameshatangaza. Wote wajua nitaimba. Yule aliyekuwa akiimba mahali pangu miezi hii yuko safu ya kwanza, amevaa dhahabu yote."

Niliangalia chini, nikaona vidole vya miguu yake, katika viatu vya wazi, vimechungulia chini ya pazia, vyenye hina, na viatu vyangu upande wa huku, juu ya ubao ule ule.

"Vua viatu," nilimwambia.

"Nini?"

"Mbao ni hizi hizi, kwako na kwangu. Vua viatu, nami nitavua. Pumzi ikija, kanyaga. Mguu wa kushoto, mara moja, kabla ya kuivuta. Nitauhisi."

Alijaribu. *Du.* Ulinijia katika nyayo, wazi kama mtu anayebisha hodi.

"Na spika yangu nitailaza hapa hapa, uso chini, karibu na pazia," nikaendelea. "Ukipoteza njia usinitafute masikioni. Nitafute miguuni."

"Haya," alisema. "Haya, mdogo wangu." Hiyo "mdogo wangu" ilinitia hofu kuliko pazia, huwa haniiti hivyo ila hospitali.

Tulianza. Fidla ilifungua, kinanda kikajaza, nikangoja soksi zimevuliwa, vidole vya miguu vimetandazwa juu ya mbao kama bata. *Du.* Nikashika. Akaingia.

Ubeti wa kwanza nilimbeba kama mtu anayebeba sinia ya vikombe vya kaure. Mshororo wa kwanza, wa pili, vizuri. Wa tatu alipanda, nikamsikia anakwaruza, ikatoka hewa kidogo mahali pa sauti, jasho likanishuka sikioni, akafika. Kwa shida, lakini akafika, akateremka, na ukumbi ukapasuka kwa vigelegele. Mtu wa dumbaki akanikonyeza. Tukaingia chakacha.

Na hapo ndipo tulipokosea mara ya pili, kwa sababu vigelegele havikubaki ukumbini. Ni desturi, naijua toka utotoni: mwimbaji akipendeza, wanawake hupanda jukwaani wakacheza naye, kumtukuza. Walikuwa wamemkosa miezi mingapi? Walipanda. Nilianza kuhisi mguu mmoja, miwili, sita, kisha mbao zote zikawa zinavuma. Ishirini, thelathini, sijui. Viuno vinazunguka, visigino vinagonga, vyote kwenye mdundo wangu mwenyewe. Katika mvumo huo mguu mmoja wa kushoto wa mtu mzima mwenye koo bovu ulikuwa tone la maji katika mvua.

Mzunguko wa chakacha ulifika mwisho. Hakuna kitu. Au kulikuwa na kitu nisikihisi. Nikazungusha tena. Mzee wa fidla akaniinulia nyusi: aingie basi. Mzunguko wa pili ukaisha. Sauti hakuna. Labda alikanyaga nami sikumsikia, akakosa mkeka, akasita. Labda pumzi haikuja. Labda ilikuja akaiogopa ile ngazi. Nilimwona kwa moyo tu, amesimama katikati ya wanawake wanaotabasamu, kipaza sauti mkononi, mdomo wazi.

Mzunguko wa tatu. Mtu wa kinanda alianza kuongeza sauti, anataka kupiga peke yake afunike pengo. Hiyo ndiyo njia ya kawaida. Na ukumbi mzima ungejua kinachofunikwa. Upande wa pili nilisikia vigelegele vimepungua, na chini yake manong'ono yameanza, yale ya "ana nini?"

Nikaondoa mikono kwenye nyuzi.

Sikupanga. Nasema kweli kwa kuwa baadaye watu wengi walitaka kunisifu kwa hekima, nami sikuwakatalia kwa nguvu. Niliondoa mikono kwa sababu nilikuwa namtafuta mtu gizani na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa napiga kelele. Kinanda kiliendelea, fidla iliendelea, dumbaki ikaendelea, lakini chini yao pakawa patupu.

"Umelala?" mzee wa fidla alinifokea bila kuacha upinde. "Piga! Waniaibisha! Piga!"

Sikupiga. Na kule upande wa pili viuno vikaanza kupotea njia. Kiuno hakichezi fidla. Mguu mmoja ulisita, mwingine ukagonga pasipo mahali pake, wanawake wakacheka, wakaulizana, wakasimama mmoja mmoja. Mvumo ukapungua juu ya mbao mpaka ukabaki mtikisiko mdogo, kisha hata huo ukaisha. Mtu wa dumbaki alikuwa ameniangalia macho yamemtoka. Naye akapunguza mkono, akabaki anagusa ngozi kwa ncha za vidole.

Nilikuwa naogopa kupumua. Kama dadangu ameshashuka jukwaani, mbao hizi hazitaniambia kitu, na mimi ndiye niliyeinyamazisha harusi ya watu ili kila mmoja asikie kwamba hakuna sauti.

Mzee wa fidla aliteremsha upinde. Kinanda kikabaki kinashikilia sauti moja, kama mtu aliyesahau kidole.

*Du.*

Hafifu. Lakini wa kushoto, na wa kwake.

Nikaweka kidole mahali petu pa kila siku, nikawa tayari kushika. Akaingia, na hakuingia pale. Aliingia chini. Chini sana, mahali ambapo sijapata kumsikia akiimba wimbo ule wala wimbo wowote. Sauti nene, pana, yenye mchanga ndani yake, haina ule wembe tuliouzoea. Kwa sekunde moja kinanda na yeye vilikuwa vinagombana waziwazi. Mzee wa fidla alitikisa kichwa kwa nguvu na kuniashiria nibaki, nibaki juu, dadangu ndiye atakayenifuata. Katika taarab mwimbaji ndiye anayewafuata wapigaji akipotea. Anarudishwa, kama mbuzi.

Lakini hakuwa amepotea. Niliisikia sauti ile ilivyotua. Mtu aliyepotea hatui.

Gitaa la besi lina rehema moja: aliposhukia palikuwa pale pale kwa kidole, ila kwenye uzi unaofuata, ule mnene kuliko wote. Nikahamisha mkono kwa upana wa kidole kimoja, nikashika. Spika iliyolala chini iliunguruma, mbao zikaunguruma, na nikamhisi dadangu anakaa juu yake, uzito wote, kama mtu anayeketi baada ya kusimama siku nzima.

Mtu wa kinanda alinitazama mimi, akamtazama mzee, halafu akafanya alichofanya: akabonyeza kitufe cha kuhamisha sauti mara kadhaa, akatufuata chini. Mzee wa fidla alikaa nje kwa mshororo mzima, amekasirika. Wa pili, akaweka upinde, akapapasa, akapata. Wa tatu ukaja, ule wa ngazi. Nilikaza nyayo. Akapanda, na kwa kuwa alianzia chini, juu yake sasa palikuwa mahali pa kawaida, pa kufikiwa na mtu mzima bila kunyanyua visigino. Hakukwaruza. Alikaa pale muda mrefu kuliko wimbo unavyotaka, kwa makusudi, namjua, ili wote waone kwamba anaweza kukaa.

Walijua, bila shaka. Alikuwa amesema kweli: walijua tangu neno la kwanza. Ubeti ulipokwisha hakukupigwa kigelegele hata kimoja. Nilisubiri. Nilirudi katika chakacha, huko huko chini, kwa kuwa mimi ni mpigaji na kazi ilikuwa imefika zamu yangu. Mguu mmoja ulianza. Mzito, wa mwanamke mkubwa. Kisha wa pili. Kisha sauti ya kike kutoka safu za mbele, ambayo baadaye niliambiwa ni ya yule mwenye dhahabu, ikasema, si kwa huruma hata kidogo, kwa wivu mtupu: "Hino sauti ameificha wapi miaka yote?" Na vigelegele vikaja.

Alimaliza beti zote nne. Mimi sikuusikia ule wa mwisho vizuri. Nilikuwa nashughulika na mguu wangu wa kulia ambao ulikuwa umekamatwa na mshipa, na siwezi kusimama, na siwezi kulia kwa sababu mtu wa dumbaki yuko karibu.

"Nani alikwambia unyamaze?" mzee wa fidla aliniuliza mara tulipotua. Alikuwa anafuta kioo cha miwani yake kwa ncha ya kikoi, hanitazami. "Nani alikwambia uhame? Miaka thelathini napiga wimbo ule pale ulipo."

"Yeye ndiye aliyehama, mzee."

"Namjua aliyehama. Nakuuliza weye."

Alivaa miwani, akaivua, akaifuta tena. "Fidla yangu ilikuwa uchi pale," alisema hatimaye, na hiyo kwake ni karibu na radhi. Sikujua tu kama anaitoa au anaidai.

Nilikuwa nimeshainama kuchomoa waya. Kwa akili yangu mambo yalikuwa yamekwisha: wimbo mmoja, ahadi imetimizwa, na kati yangu na kitanda changu kuna dakika kumi. Nikaona vidole vya hina chini ya pazia.

"Ushavaa viatu?" aliuliza kutoka kule. Sauti ilikuwa ile nene, imechoka, na ndani yake mna kicheko kilichozuiliwa kisifike kooni.

"Bado."

"Usivae. Bi harusi ataka ule wa kumtania bwana harusi."

"Uliniambia mmoja!"

"Nilikuambia nini? Nilikuwa mgonjwa."

"Ule hatujaufanyia mazoezi. Nitaupigia wapi?"

"Huko huko chini. Sasa naishi huko. Wambie wenzako wabonyeze vitufe vyao." Nikamsikia anageuka, anawaambia wanawake jambo, wakacheka, nami nikajua wanachekeshwa na mimi. Kisha akarudi karibu na kitambaa. "Waujua kwa huko?"

Sikuujua. Nilirudisha waya mahali pake, nikaketi, nikaweka nyayo juu ya mbao, na kabla sijapata hata pa kuweka kidole, akakanyaga.